Pindo la Sikukuu ya Kaizari

Mwenye binti anayependa kufuata ngoma za watu na avute mkeka asogee, maana yaliyompata Mosi yanaweza kumpata yeyote. Msije mkasema hamkuambiwa.

Mosi alikuwa mtu wa Mlali, kule chini ya milima ya Uluguru. Alihamia Morogoro mjini wakati Wajerumani walikuwa wamekwisha kufikisha reli na sasa wanaisukuma kuelekea Kilosa. Mumewe alichukuliwa upagazi, akaondoka na mzigo wa watu kichwani, hakurudi yeye wala habari zake. Mosi akabaki na mtoto mmoja, Asia, na hofu tele. Aliogopa askari, aliogopa homa, aliogopa mto ukijaa na aliogopa mto usipojaa. Shoga yake wa nyumba ya pili, Chausiku, alikuwa akimtania, "Mosi, wewe hata kuku akipiga chafya unamtafutia mganga."

"Cheka tu," Mosi alimjibu. "Wa kwako wamelala ndani. Wa kwangu yuko milimani anafuata ngoma."

Na kweli alikuwa anazifuata. Asia alikuwa fundi wa kugonga mihuri kwenye nguo. Alinunua merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, akachonga vipande vya mti mgumu kwa kisu, akavichovya katika rangi nyeusi aliyoipika mwenyewe kwa magome na tope la mtoni, akagonga nguo pindo kwa pindo. Pwani mafundi wa namna hiyo walikuwako, wakigonga maua na majani. Asia hakugonga ua wala jani. Yeye aligonga mdundo.

Mavuno yakiisha, Uluguru yote inalia ngoma. Huku mwali anatolewa nje, kule watu wanaoa, kwingine wanamaliza matanga. Asia alijifunga kibwebwe akapanda Kinole, Matombo, Mgeta, popote aliposikia kuna watu. Akifika anasalimia wakubwa, anaomba ruhusa, anakaa pembeni ya uwanja na kufumba macho, kidole chake kikigonga goti polepole. Mkono wa mpigaji ukianguka mzito, hiyo ni alama kubwa. Zikianguka ncha za vidole, alama ndogo. Mkono ukinyamaza, nguo inaachwa nyeupe. Alirudi nyumbani na ngoma nzima vidoleni, akaigonga kabla haijapoa.

Asiyejua aliona madoadoa ya kupendeza. Mwenye ngoma yake aliisikia. Siku moja gulioni mama mmoja wa Kinole, mkungu wa ndizi kichwani, alipitisha kidole kwenye pindo la nguo ya Asia, mara bega likaanza kumcheza lenyewe.

"Ee! Hii si ile tuliyomtolea mwali wa dada yangu?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Nani amekupa?"

"Miguu yenu."

Yule mama alicheka mpaka akautua mkungu chini. Mosi alikuwapo, na fahari ilimjaa kifuani, lakini fahari ya Mosi haikukaa hata kidogo bila hofu kuja kuketi karibu yake. Njiani akaanza, "Mwanangu, vitu vya watu hivyo."

"Niliwaomba. Na yale ya ndani kwa mwali sikuyagonga. Mipaka naijua, mama."

"Mipaka ya ngoma unaijua. Ya Serikali je?"

Asia akacheka. Mosi hakucheka.

Basi ikakaribia sikukuu ya kuzaliwa Kaizari, inayoangukia Januari, jua linapochoma mpaka mawe ya barabarani. Akida wa upande wao, mkusanya kodi wa Bwana Shauri, yule Mjerumani mkuu wa boma, aliitwa Ahmadi, mtu wa pwani, kilemba safi, fimbo ya mpingo mkononi, sauti iliyozoea kutiiwa. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mosi. Mosi akatoka mbiombio akijifuta mikono.

"Shikamoo, Bwana Akida."

"Marahaba. Yuko wapi huyo fundi wako?"

Asia akatoka, akapiga goti, akasalimu. Akida akamwangalia kama mtu anayepima mbuzi.

"Bibi wa Bwana Shauri ameiona nguo yako kwa mpishi wake. Ameipenda. Sasa nataka kumpa zawadi ya kitambaa cha meza. Watu wote wa milimani watashuka na ngoma zao siku ya Kaizari. Wewe utakaa mbele, uone sikukuu yetu, uitie kwenye kitambaa kama unavyotia zile za kwenu porini."

"Sikukuu yote, Bwana Akida?"

"Yote. Usiache kitu."

Mosi akaingilia kati, "Bwana Akida, mtoto huyu bado mdogo, mikono yake haijatulia. Akugongee maua mazuri tu, yaishie hapo."

"Maua Bibi anayo bustanini, mama. Binti, umesikia?"

"Nimesikia," Asia alisema. "Nitagonga nitakachokisikia."

"Ndicho ninachokitaka," akasema akida, akaenda zake.

Watu wa Mlali walikuwa na mpigaji mmoja ambaye sifa yake ilishuka mpaka mjini, jina lake Dadi. Mama yake Dadi alifariki miezi michache kabla ya sikukuu, na Dadi akampigia ngoma ya matanga bila kwenda boma kuchukua cheti cha ruhusa. Alisema hawezi kumwacha mama yake akisubiri karani aamke. Wakamkamata, wakamtia mnyororoni pamoja na wengine, wanavunja mawe ya barabara, shingo kwa shingo. Asubuhi ya sikukuu wachezaji wa Mlali wakasimama uwanjani bila mpigaji. Akida alikuwa amekwisha kumsifia Bwana Shauri ngoma ya Mlali, akaona aibu itamfika. Akaamuru Dadi aletwe. Askari akasema kumfungua mmoja ni kuwafungua wote, ni kazi ndefu. "Basi wote waje," akasema akida.

Ndivyo walivyokuja, mstari mzima, vumbi mpaka kwenye kope. Dadi akawekwa nyuma ya ngoma yake, wenzake wakachuchumaa nyuma yake, mnyororo mmoja ukiwapita wote shingoni. Bendera juu, Bwana Shauri na mkewe kwenye viti kivulini, watu wamejaa mpaka kwenye miembe ya boma. Mosi alikuwa amemshika Asia mkono kana kwamba upepo ungemchukua.

Dadi akainua mikono, akaiinamia ngoma. Alipoinama tu, mnyororo ukavutwa na shingo za wenzake zote zikainama kwa pamoja, kama watu wanaosujudu bila kutaka. Mtu wa mwisho, mzee mwembamba, akapiga paji la uso chini. Dadi akasikia. Hakugeuka. Akapiga mapigo mawili, akashusha mikono, akarudi nyuma, akangoja. Mnyororo ukalegea, wenzake wakavuta pumzi, pete za chuma zikagongana zikirudi mahali pake. Ndipo akapiga matatu, akangoja tena.

Ngoma ya Mlali haina kimya pale. Kila mtu wa Mlali aliyekuwapo alijua. Wanawake waliokuwa wanacheza mguu wao ukabaki hewani. Wakatazamana, kisha wakaukanyaga mguu ule pale alipoukanyaga Dadi, wakacheza naye hivyohivyo, mapigo mawili na kungoja, mapigo matatu na kungoja.

"Wewe!" akida akapaza sauti kutoka karibu na viti. "Usisimamesimame! Piga mfululizo!"

Dadi akaendelea kungoja pale alipoona pa kungoja. Bwana Shauri, asiyejua ngoma ya Mlali wala ya kwingine, akapiga makofi. Mosi alikuwa ameinamisha uso, hataki kuona. Alipouinua kumtazama mwanawe, Asia alikuwa amefumba macho, na kidole chake kinagonga goti.

"Asia," akamnong'oneza. "Asia, hiyo iache."

Asia hakufumbua macho.

Nyumbani wakagombana, na hawakuwa watu wa kugombana. Mosi alikaa mlangoni kabisa, amewapa mgongo wapita njia, wasisikie.

"Gonga gwaride la askari! Gonga wale watoto wa shule walioimba! Mbona na wao walikuwapo?"

"Wale sikuwasikia. Walipiga miguu tu."

"Gonga jua basi! Mwanangu, mimi sina mwingine. Baba yako alikwenda na mzigo mmoja tu wa mtu, sikumwona tena. Sasa wewe unataka kujibebesha mnyororo usio wako?"

Asia alikuwa anachonga. Alichonga muhuri mmoja uliojaa, wa duara, huo wa mkono wa Dadi. Alichonga mwingine wa duara tupu katikati, mdogo, huo wa pete za mnyororo zikigongana. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama, nimekwenda ngoma nyingi. Nimeona watu wakipiga kwa ajili ya mwali, kwa ajili ya maiti, kwa ajili ya pombe. Sijawahi kumwona mtu anapiga ili mwenzake apumue. Wewe uliona. Unataka niseme sikukuu ilikuwa maua?"

"Nataka uishi."

"Na mimi nataka. Ila sitagonga uongo."

Mosi akatoka nje akalia kule nyuma kwenye shamba la mihogo, ambako hakuna wa kumwuliza. Aliporudi kitambaa kilikuwa kimetandazwa. Duara mbili nzito, nafasi nyeupe, pete mbili. Duara tatu nzito, nafasi nyeupe, pete mbili. Hivyo kuzunguka kitambaa chote. Hata yeye aliyejaa hasira alikiona kizuri. Hasira ikazidi.

Akida alikipenda mno. Alikishika mbele ya jua, akakigeuza huku na huku. "Umeona, mama? Sikukuu hasa! Inang'aa!" Akakipeleka mwenyewe kwa Bibi wa Bwana Shauri, na Bibi akakitandika kwenye meza ya barazani, pale Bwana Shauri anapopokea watu. Akida akarudi amevimba kichwa, akaagiza wake zake nao wagongewe nguo za pindo lilelile.

Habari zikaenea. Wanawake wa mjini wakamletea Asia merikani zao, na wa kwanza akawa Chausiku. Alipopokea nguo yake alipitisha kidole pindoni, akasimama. Chausiku naye kwao ni Mlali.

"Shoga yangu mdogo, umeruka hapa. Ngoma yetu haina pengo hili."

"Sijaruka, mama Chausiku. Hapo alikuwa anawangoja wenzake."

Chausiku aliivaa nguo palepale juu ya ile aliyokuwa nayo, akaenda nayo mtoni, akaenda nayo sokoni, na hakuna aliyemsikia akieleza kitu. Hakukuwa na haja. Mtu wa Mlali akiiona anasimama, midomo inahesabu, kisha anauliza iligongwa na nani. Mchana watu wa mnyororo walipopita barabarani na mawe yao, akina mama walikaa pembeni wamejifunga pindo lile. Inasemekana Dadi aliliona siku moja, akainamisha kichwa kidogo zaidi ya mnyororo ulivyomtaka. Mosi alisimuliwa hayo na usingizi ukamhama.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoharibika, maana hakuna aliyesema siri. Miili ndiyo iliyosema.

Wake za akida waliwaita wanawake wa jirani kuwapindia nguo zao mpya, kazi ya ujirani. Mosi na Chausiku walikuwamo. Wamekaa barazani kwa akida, nguo magotini, sindano zinakwenda, hadithi zinakwenda. Mmoja anauliza bei ya chumvi, mwingine anamsema mkwewe. Na jicho likifuata pindo kwa muda mrefu namna hiyo, mkono haukai kimya. Mmoja akaanza kujipiga paja bila kujua. Mwingine akampokea. Mara baraza zima, mazungumzo yakiendelea kama kawaida, viganja vinapiga mapaja: viwili, kimya, vitatu, kimya. Mosi, mwoga wa waoga, naye alikuwa anapiga. Hakujua mpaka alipoona wenzake wamenyamaza na yeye peke yake anaendelea.

Akida alikuwa mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi. Hakuwa mtu wa Mlali, lakini hakuwa mjinga. Kimya kile alikikumbuka. Alikipigia kelele kwa mdomo wake siku ya sikukuu, mbele ya watu wote.

"Rudieni," akasema.

Hakuna aliyerudia.

Akaishika nguo, akaweka kidole kwenye duara, akakisogeza. Alipofika kwenye zile pete tupu, kidole kikasimama. Uso wake ukabadilika rangi kama maziwa yanayoganda.

"Mnyororo," akasema polepole. "Huyu mtoto amemgongea Bibi mnyororo."

Jioni ile askari walimchukua Asia. Wakamwondoa uani kwao, mikono bado myeusi kwa rangi. Mwanamke hapigwi kiboko, hiyo ilikuwa amri ya Wajerumani wenyewe, lakini kutwanga anatwanga. Asia akawekwa uani kwa akida atwange unga wa askari tangu jua linachomoza, na mihuri yake ikatupwa jikoni ikapikiwa chai. Akida akamwambia Mosi sharti moja tu: nguo zote za pindo lile zirudishwe, zichomwe mbele yake. Siku ya nguo ya mwisho ndiyo siku ya mtoto kurudi.

Mosi hakufikiri mara mbili. Alipita nyumba kwa nyumba, kanga ya kichwa imemwangukia mabegani, analia bila kuficha. "Nipeni, ndugu zangu. Mnijue mimi mama." Wengine walimpa kwa huruma. Mama mmoja alimfungia mlango. Alipofika kwa Chausiku, shoga yake akaikunja nguo polepole, akamwekea mikononi.

"Chukua. Ni kwa ajili yako ninaitoa, siyo kwa ajili ya yule kilemba."

Mosi akajitwisha furushi, akaenda uani kwa akida, akapita kwanza kwenye kinu. Alitaka mwanawe auone mzigo ule afurahi. Asia alikuwa amekonda, viganja vimepasuka, mchi umeshika damu.

"Mama, umebeba nini?"

"Nakutoa. Zimebaki chache tu."

Asia akaliangalia furushi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Mosi zaidi. "Ule mdundo siyo wangu, mama. Ni wa Dadi. Siwezi kumlipa akida kwa kitu cha mtu."

"Usinifundishe maneno sasa hivi! Mikono yako umeiona?"

"Nimeiona." Akashika mchi tena, kwa sababu mlinzi alikuwa anakuja. Kisha akasema, "Na ya Bibi je? Ile ya mezani. Nayo nani anaileta?"



Mosi alisimama pale na furushi kichwani mpaka mlinzi akamwambia asogee. Ya Bibi. Hakuna mtu aliyetaja ya Bibi. Akida ameagiza za maskini zote, hata ya kikongwe anayeitumia kubebea kuni, lakini ile iliyotandikwa barazani kwa Bwana Shauri hakuisema hata mara moja. Kwa nini? Kwa sababu atamwambia nini Bwana Shauri? Kwamba alileta mnyororo wa boma kama zawadi, akausifia, akaupeleka kwa mkono wake mwenyewe? Kwamba aliagiza yeye, "usiache kitu"?

Mosi alijua hofu kuliko mtu yeyote Morogoro. Aliijua sauti yake, mwendo wake, namna inavyomfanya mtu azungukezunguke jambo. Na sasa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliitambua kwa mtu mwingine. Bwana Akida anaogopa. Tena anaogopa kuliko mimi.

Akatua furushi palepale kwenye vumbi. Akafungua, akatoa nguo ya Chausiku, akajifunga kifuani pindo likionekana vizuri. Akaingia barazani kwa akida. Watu walikuwapo, wazee wa mashauri na majumbe wawili wa vijiji vya milimani.

"Shikamoo, Bwana Akida."

"Marah... Nini hicho ulichovaa? Nilisema zichomwe!"

"Nimezileta. Ziko hapo nje. Lakini nimehesabu nikaona moja imepungua."

"Ipi?"

"Ile kubwa. Ya mezani kwa Bibi. Nimekuja tuongozane, twende tukaiombe. Wewe unajua Kijerumani, mimi sijui. Utamweleza Bwana Shauri hizi duara ni nini na hizi pete ni nini, na nani aliyeziagiza."

Jumbe mmoja akajikuna ndevu akiangalia dari.

"Mama Asia," akida akasema kwa sauti ya chini, "unajua unaongea na nani?"

"Najua, Bwana Akida. Ndiyo maana nimekuja na heshima. Kama huna nafasi leo nitakwenda mwenyewe. Nitasimama mbele ya meza ile, nitaweka mkono hapa," akaweka kiganja kwenye pindo lake, "na nitapiga. Bwana Shauri alipiga makofi siku ile. Akiisikia tena ataikumbuka."

Akapiga. Mapigo mawili juu ya kifua chake mwenyewe, kimya, mapigo matatu. Nje, uani, mchi wa Asia ulikuwa unatwanga. Nao ukanyamaza pale pale.

Akida alishika fimbo yake, akaiachia, akaishika. Aliangalia wale majumbe, watu watakaorudi milimani na midomo yao. Mosi alikuwa bado amesimama, na machozi yanamtiririka, kwa sababu hofu haikuwa imemtoka. Ilikuwa imechoka tu kuongoza njia.

"Mchukue mwanao," akasema akida. "Mchukue, na nisimwone akigonga kitu tena mjini."

"Na furushi?"

"Toka, mama!"

Mosi akatoka. Akajitwisha furushi lilelile, akamshika Asia kwa kiwiko kwa sababu viganja havishikiki, wakapita katikati ya soko mchana kweupe. Nyumba kwa nyumba akarudisha kila nguo kwa mwenyewe. Kwa Chausiku alifika bado amevaa ile nguo ya shoga yake.

"Hii siirudishi," akamwambia. "Nitakupa nyingine."

"Mosi! Tangu lini wewe ukawa mnyang'anyi?"

"Tangu leo."

Dadi hakufunguliwa. Baadaye mnyororo wake ulipelekwa mbele, kwenye reli, upande wa Kilosa, na watu wa Mlali hawakupata tena habari zake. Hilo lisisahauliwe, wala asiseme mtu kwamba mambo yaliisha salama. Asia naye viganja vyake vilibaki na kovu. Muhuri wa kwanza aliouchonga upya ulimponyoka mara nyingi kabla haujanyooka. Marufuku ya akida ilikuwa ya mjini, basi akahamia Mlali kwa ndugu wa mama yake, na nguo zilishuka mjini kwenye vikapu vya mboga.

Basi, wenye mabinti, haya yashikeni. Mtoto wako akienda kutazama ngoma za watu, mwulize amekwenda kutafuta nini, na mwulize tena akirudi. Mwambie aombe ruhusa kwa wenye ngoma. Mwambie wenye nguvu wakimwagiza aone kila kitu, wanamaanisha aone wanachokipenda, na atakapokiona kile kingine watakuja mlangoni na askari. Mwambie hivyo mapema. Kisha jiandae, maana huenda akakusikiliza na bado akafumba macho, na kidole kikagonga goti. Siku hiyo usiende kuzikusanya nguo kama Mosi. Angalia kwanza nani anaogopa zaidi.

Alois, mpishi wa Bwana Shauri, ndiye aliyekuwa akileta habari za ile ya mezani. Bibi aliipenda mpaka mwisho. Kila akida alipokwenda kutoa habari za kodi na za barabara, alisimama mbele ya meza ileile, na Bwana Shauri, akisikiliza, alikuwa na tabia ya kugonga vidole kwenye kitambaa akifuata duara moja moja. Alois anasema akida alikuwa akiweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, ameishikilia kwa nguvu, jasho linamtoka, mpaka Bwana Shauri amalize.